Inchi mbili nilizoziacha ndani ya mshono

Mwezi wa tatu mwaka huu nilikuwa natafuta vipimo vya mteja wa zamani, mama mmoja aliyeniletea kitenge cha harusi ya mwanawe akaniambia, "Fundi, tumia vilevile vya mwaka juzi." (Wote husema hivyo. Sijaona hata mmoja aliyebaki na vya mwaka juzi.) Nikawa napekua kauntabuku langu, kurasa zimelowa mafuta ya cherehani, mara nikakutana na jina langu mwenyewe.

Mimi ni fundi wa nguo za kike hapa Ngamiani, Tanga, mwaka wa 17 sasa. Kila anayeingia namwandika: kifua, kiuno, hipsi, urefu, tarehe. Kumbe na mimi nilikuwa najiandika. Mwaka 2018, kiuno: 41, 39½, 38, 37. Halafu kimya. Mwaka 2021: 42, 40, 38½, 37. Kimya. Mwaka 2022 kuingia 2023: 43, 41, 39, 37. Chini yake kuna oda ya sare za watu wengine.

Mara tatu, namba ileile. Nilikaa kwenye stuli, mama wa harusi namwona ananitazama, nikashindwa hata kumjibu.

Miaka yote hiyo najiita mlafi, najiita mtu asiye na msimamo. Lakini mlafi hatoki 43 akafika 37. Hiyo ni miezi ya kuamka alfajiri kutembea, na ya kukataa maandazi ya jirani yangu anayekaanga mlango wa pili, harufu yote inaingia kwangu. Kwa hiyo nguvu ninayo. Kuna kitu kinanisubiri pale 37, nikikiona narudi mbio nilikotoka.

Cha 2018 nakikumbuka vizuri. Aliingia mteja, akanitazama juu mpaka chini, akashusha sauti: "Fundi, unaumwa?" Aliyekulia miaka ya tisini anajua swali hilo lilikuwa linauliza nini. Mama yangu mdogo alianza kukonda mwaka 1996. Watu walikuwa wanakuja kumjulia hali, salamu mdomoni, macho kwenye mitulinga. Nyumbani kwetu "umekonda" haikuwa sifa, sifa ilikuwa "umenawiri". Yule mteja alipotoka tu, nikamtuma binti chipsi mayai na soda. Nilijiambia nina njaa.

2021 hakuna aliyenitisha, nilisifiwa. Mume wangu akasema, "Hapo sasa pametosha, usije ukapeperuka." Nikasherehekea kwa biriani la Ijumaa, na ile sherehe haikuwahi kutangazwa kuwa imeisha. 2023 nikasingizia Ramadhani. Mchana mdomo mkavu, jioni mihogo ya nazi, tambi, kalimati, na daku juu yake. Mwezi mtukufu hauna kosa lolote, wallahi. Ni mimi niliyeusubiri kama mtu anayesubiri gari.

Lakini kilichoniumiza zaidi ni kabati. Nilipotoka dukani siku ile nilikwenda kuyageuza magauni yangu ndani nje. Wateja huwa wananiambia, "Fundi, acha kitambaa ndani, nikinenepa utaniachia," nami nawaachia inchi moja kila upande, ni ufundi mzuri tu. Magauni yangu niliyoyabana nyakati za kupungua yote yalikuwa na inchi mbili kila upande, zimekunjwa, zimepigwa ovaloki vizuri kabisa. Mshono wenyewe nimeupitisha kwa mkono, nafasi kubwa kubwa, ule wa kufumua kwa dakika tano. Wakati nashangiliwa kwamba nimepungua, mwenyewe nilishakata tiketi ya kurudi.

Nikaanza tena mwezi huohuo, kiuno 42. Safari hii niliacha kujipima peke yangu. Fundi yeyote anajua futi inavyodanganya. Ukiingiza kidole chini yake umeongeza nusu inchi, ukivuta hadi nyama ibonyee umeipunguza, na mimi nikiwa peke yangu navuta. Sasa binti ninayemfundisha kazi ndiye ananipima, kila baada ya wiki mbili, asubuhi kabla ya chai. Mizani nimeigawa. Nikila dagaa wa chumvi usiku, asubuhi inanionyesha kilo imeongezeka, kumbe ni maji tu, nami kwa ajili ya maji hayo siku nzima naharibu.

Hata namba ninayoitafuta si ya sherehe ya mtu. Nesi wa kliniki ya presha alinieleza kwamba mwanamke kiuno kikipita sentimita 88 hatari ya moyo na kisukari inapanda sana. Nikaigeuza futi upande wa pili: 88 ni inchi 34 na nusu na kidogo. Nikaandika 34½ kwenye ukurasa wangu, basi.

Chakula sina maajabu ya kuwaambia. Kazi yangu ni ya kukaa, na anayekaa anakunywa chai. Vikombe vinne kwa siku, vijiko vitatu kila kimoja, hapo ni vijiko 12 vya sukari kabla sijagusa wali. Nilipunguza nusu kijiko kila wiki mpaka nikabaki na kimoja. Soda ya mililita 350 ina karibu vijiko tisa, hiyo nimeiacha kabisa. Na jioni sipandi bodaboda, siku tatu kwa wiki natembea hadi Raskazone na shoga yangu. Tunasengenya njia nzima, ndiyo maana hatujaacha.

Mwezi wa nane nikafika 37.

Nilikuwa nalisubiri lile swali, na likaja, siku ya tatu tu. "Mbona umekwisha hivyo, kuna nini?" Jibu nilikuwa nalo tayari, nililifanyia mazoezi mbele ya kioo cha wateja: "Napungua makusudi, dada. Lete kitambaa." Akacheka, nami nikacheka. Saa moja usiku nikajikuta kwenye foleni ya chipsi mayai.

Nilikula, sifichi. Niliila yote, imekaangwa vizuri, na nilishaanza kusema moyoni siku imeshaharibika, tuma na soda, tutaanza Jumatatu. Binti alikuwa bado dukani, ameshona mkono wa kulia wa gauni nje ndani, analia, anataka kwenda kununua kitambaa kingine kwa hela yake. Nikamwambia, "Wewe, unalilia nini? Fumua mkono tu, gauni liache." Niliyasema hayo vidole vyangu vinang'aa mafuta ya chipsi. Nikanyamaza. Nikanawa mikono, nikamsaidia kufumua, na soda sikuituma.

Kuanzia hapo inashuka polepole, nusu inchi kwa mwezi na ushee. Mwili ukipungua, mahitaji yake nayo yanapungua, kwa hiyo haishuki tena kama ile ya mwanzo. Zamani ningeona haisogei nikachoka. Sasa hivi ni 35½, kwa kipimo cha binti, si changu.

Jumamosi iliyopita nilitoa lile gauni la bluu ninalolipenda, nikafumua mshono wa mkono, nikalishona upya kwa mashine, mshono mdogo mdogo. Halafu nikashika mkasi nikazikata zile inchi mbili, kulia na kushoto. Binti akashtuka.

"Mama, je ukinenepa tena?"

"Nitanunua kitambaa."

Vile vipande viwili virefu vipo pale kwenye droo. Tunafutia mafuta ya cherehani.