Kugonga Ubavu wa Chombo

Jumamosi iliyopita binti yangu wa mwisho aliingia katika kibanda cha nyuma kutafuta pampu ya baiskeli, akatoka na kamba. Ni kamba nyeupe ya nailoni, nene kama kidole gumba, na katikati yake pana sehemu mbili zilizosuguliwa mpaka zikaota manyoya. Aliiweka juu ya meza ya jikoni akaniuliza ilikuwa ya kazi gani, nami nikamweleza kwamba ndiyo niliyojifunzia kupinduka na kayaki, chombo chembamba cha kafi kilichofunikwa juu, na kuibuka nayo bila kutoka ndani yake. Akaizungusha mkononi kwa muda, kisha akauliza swali la pili, ambalo ndilo lililonifanya niandike haya: "Baba, ulipokuwa kichwa chini, ulikuwa ukiogopa?"

Ilikuwa mwanzo wa 2021. Mabwawa ya kuogelea ya ndani hapa Copenhagen yalikuwa yamefungwa kwa sababu ya korona, na bahari ya Øresund ilikuwa na nyuzi 3 au 4 tu, baridi inayomkata mtu pumzi kabla hajafahamu kwamba ameanguka majini. Nilikuwa nimenunua kayaki iliyokwisha kutumika, ndefu na nyembamba, nikaiweka juu ya vigogo viwili uani nikisubiri majira ya joto. Mzee wa nyumba ya tatu kutoka kwetu, mwenyeji wa Sisimiut huko Greenland, aliitazama kwa siku kadhaa akipita njia, mpaka asubuhi moja akasimama kwenye ua wa miti akaniuliza, "Unajua kurudi?"

Nilimjibu kwamba nilipiga kafi kabla sijajua kusoma. Akatikisa kichwa taratibu na kuniambia kwamba hakuwa ameuliza habari ya kwenda.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa kwamba mimi na yeye tulilelewa na vyombo vyenye tabia mbili zinazopingana. Kwetu Jambiani, Zanzibar, mtumbwi ukipinduka mtu anatoka. Maji ni ya vuguvugu, ndani ya mwamba mawimbi ni madogo, na sheria ya kwanza anayofundishwa mtoto ni kutokiacha chombo: kishike, kizungukie, kisukesuke mbele na nyuma mpaka maji yamwagike, kisha panda ukumbe yaliyobaki kwa upo. Kwao, mwindaji wa sili aliyetoka katika qajaq yake, yaani kayaki ya Greenland, alikuwa amekwisha kufa, isipokuwa mwenzake awe karibu sana, kwa kuwa maji yana ubaridi wa karibu na barafu na wengi wa wawindaji wa zamani hawakujua kuogelea. Ndiyo maana chombo kilishonewa mwili wa mwenyewe. Kwa kawaida urefu wake ulipimwa kwa pima tatu za mikono yake, na upana wake kwa nyonga zake pamoja na ngumi mbili. Juu yake alivaa tuilik, koti la ngozi ya sili lililofungwa usoni, viganjani na kwenye duara la kiti, hata maji yasipate pa kuingilia. Mtu aliyevishwa chombo kwa namna hiyo hakuwa na budi kujua kupinduka nacho na kuibuka nacho.

Mzee mwenyewe hakujifunza utotoni. Alipokuwa mdogo boti za injini zilikuwa zimeshachukua nafasi ya qajaq, na alijifunza akiwa mtu mzima, katikati ya miaka ya 1980, pale vijana wa Nuuk, mji mkuu wa Greenland, walipoanzisha chama cha kuurudisha ufundi huo na vyama vya miji mingine vikafuata. Alisema walianza kwa kamba kabla ya maji, kama walivyoanza wazee wao waliofunga kamba za ngozi na kuwaning'iniza watoto ili miili yao izoee kugeuka. Nilimsimulia habari niliyoisoma ya Hans Pawlata, Mwaustria aliyefaulu kuibuka na kayaki mwaka 1927 kwa kufuata maandishi ya wasafiri, bila mwalimu. Alifikiri kidogo, akasema kwamba ikiwa kitabu kiliweza, basi zulia nalo litaweza. Kisha, pengine kwa kuona jinsi nilivyofurahi, akanikumbusha Mwingereza Gino Watkins, aliyefundishwa na watu wa Greenland akawa hodari, na ambaye mwaka 1932 alikwenda kuwinda peke yake, kayaki yake ikaonekana ikielea bila mtu. Hakutaka niuchukue ufundi huo kama hirizi.

Tukaanza sebuleni. Nilikaa sakafuni miguu mbele, mkono mmoja umeshika ukingo wa kiti cha chini, nikajilaza ubavu mpaka sikio likagusa zulia, kisha nikatakiwa nijiinue bila kuusukuma mkono. Kazi hiyo ni ya nyonga na goti. Goti la upande wa maji ndilo linaloinua chombo, nyonga inakikunja chini ya mwili, na kichwa, ambacho ni kizito kwa kilo 4 au 5, hufuata mwisho kabisa. Kueleza hili ni rahisi, lakini mwili wote wa binadamu unakataa, maana anayezama hutanguliza mdomo mahali palipo na hewa, na anapokiinua kichwa kwanza hukirudisha chombo chini. Kwa majuma mawili nilitanguliza kichwa. Mke wangu alikuwa akiniwekea kiganja shavuni, na kila nilipokiacha kiganja chake mapema alisema kwa upole, "Bado."

Mizani niliifanyia mazoezi juu ya ubao uliolazwa juu ya gogo la mviringo, nikikaa wakati watoto wanatazama televisheni, mpaka nikaweza kuinywa chai yote bila kumwaga. Kamba tuliifunga uani kati ya mitufaha miwili, mistari miwili iliyokazwa sana, mapaja juu yake na mikono imeishika. Unajirusha nyuma, unaning'inia, unajivuta mpaka umekaa tena. Wakati huo sheria iliruhusu watu watano tu kukutana, nasi tulikuwa wawili, mara nyingine watatu, katika theluji iliyokanyagwa ikawa matope.

Lakini jambo ninalotaka kulisema lilitokea siku moja ya Februari, na halikutokea kwenye kamba.

Mzee alikuja na godoro kuukuu. Akalitandika kwenye nyasi, tukailaza kayaki kwa ubavu juu yake, nami nikajipenyeza ndani mpaka magoti yakabana chini ya sitaha. Akaniambia niwe nimezama. Kichwa changu kilikuwa kimelala godoroni, uso umeelekea mti, na damu ilinijaa masikioni. Alieleza kwamba itafika siku nitakayojaribu kuibuka nikashindwa, na nikajaribu tena nikashindwa, na siku hiyo nisikimbilie kutoka. Nipeleke mikono juu, nje ya maji, pande zote mbili za chombo, nigonge ubavu mara tatu kwa nguvu, kisha nipitishe viganja mbele na nyuma polepole. Mwenzangu atakayesikia atakuja kwa kasi, ncha ya chombo chake itagusa mkono wangu, nami nitaishika na kujiinulia hapo. "Sasa gonga," akasema.

Nikagonga. Mara tatu, kwa kiganja, kwenye plastiki tupu. Sauti ile ilipita ndani ya chombo na kunifikia miguuni kabla haijanifikia masikioni, na papo hapo nikawa na umri wa miaka tisa.

Zilikuwa siku za mwisho za kaskazi, na mimi na Babu tulikuwa tumekwenda kutazama madema, mitego yetu ya samaki, ndani ya mwamba. Babu alisimama kulivuta dema, nami, badala ya kuegemea upande wa pili kama nilivyofundishwa, niliinama upande ule ule ili nimwone pweza wa kwanza. Mtumbwi ulipinduka kimya, kama mtu anayejigeuza usingizini. Babu aliruka kando. Mimi niliibukia ndani yake.

Sijui kama mtu asiyepata kuwa chini ya mtumbwi uliopinduka anaweza kulipiga picha jambo hilo. Kati ya maji na mbao palikuwa na hewa ya kutosha kwa kichwa changu na kwa fikira zangu. Mwanga haukutoka juu. Ulipanda kutoka kwenye mchanga mweupe chini, ukapita majini, ukanifikia ukiwa wa kijani na wenye kutikisika, ukachora mistari juu ya ubao mweusi wa mwembe. Palinuka sifa, mafuta ya papa, iliyopakwa mbao mwaka baada ya mwaka. Pumzi yangu ilisikika karibu mno, kana kwamba ni ya mtoto mwingine. Bahari yote, pamoja na kelele za mwamba, ilikuwa imehamia nje. Nilikuwa nimelala chumba kimoja na ndugu sita tangu kuzaliwa, na ile ilikuwa nyumba ya kwanza niliyowahi kuwa nayo peke yangu.

Ndipo nikasikia akibisha. Mara mbili, kwa vifundo vya vidole, kama anavyobisha mtu mwenye adabu mlangoni. Akanyamaza, akabisha mara tatu. Sauti yake ilinijia kama inapita ukutani, jina langu na swali. Nilimsikia vizuri. Nilijua kwamba ni mimi anayeniita, na nilijua kwamba yanipasa kuitika, na sikuitika. Vifundo vikawa kiganja. Kiganja kikawa ngumi, na kwa kila ngumi mistari ya kijani iliruka juu ya kichwa changu, nami niliitazama inavyoruka. Kisha kugonga kukakoma.

Ni kimya hicho ndicho kilichonitoa. Nilipiga mbizi nikapita chini ya ukingo, nikaibuka katika jua kali, na Babu hakuwepo. Nilihesabu, maana nilikuwa nimefundishwa kuhesabu. Alipoibuka alikuwa amenipa kisogo, ameuelekea mwamba, na aliliita jina langu kuelekea huko kwa sauti ambayo sikupata kuisikia tena kwake. Niliposema, "Babu, nipo," aligeuka. Uso wake ulikuwa umepoteza rangi kama jivu. Hakunipiga wala hakunikemea. Alisema neno moja tu: "Nilibisha."

Tukausukasuka mtumbwi, nikapanda na upo, tukarudi pwani. Bibi hakuambiwa. Babu aliendelea kunichukua majini kwa miaka mingine minne, na katika miaka yote hiyo hakuniuliza kwa nini sikuitika. Mimi nami sikumwambia, hata siku alizolala kitandani na tukawa na saa nyingi za mazungumzo. Nadhani aliamini kwamba nilikuwa nimezimia kwa hofu, na huenda imani hiyo ilikuwa nyepesi kwake kuliko ukweli.

Uani, Mzee aliniona nimeacha kupitisha viganja. Akainama akaniuliza kama nimeumia. Nilimwambia kwamba sijaumia, na kwa kuwa nilikuwa bado nimelala ubavu, na pengine kwa kuwa hatukuwa tunazungumza lugha ya yeyote kati yetu, nilimsimulia yote. Alisikiliza akiwa amechutama kwenye theluji. Alipojibu alisema kwamba wawindaji waliokaa peke yao baharini siku tulivu, maji yakiwa kama kioo, walipatwa na kitu kinachofanana na hicho. Mikono ilikataa kusogea, na mtu alijikalia tu akitazama, mpaka upepo au mwenzake amtikise. Akasema kwamba hilo ndilo jambo asilojua namna ya kulifundisha kwa kamba. Kisha akaniambia nigonge tena.

Mengine yalikwenda upesi. Mei maji yalipopata joto tuliingia, nikashindwa mara nyingi kiasi cha kuacha kuhesabu, na siku mbili niligonga ubavu, naye akaja. Asubuhi moja ya Juni nililala chali juu ya sitaha ya nyuma kama nilivyoelekezwa, macho yakitazama mbingu, kafi ikipita juu ya maji kwa mduara mpana, na kichwa changu kikafika mwisho. Mzee alinipigia makofi kutoka ndani ya qajaq yake ya turubai. Mwaka uliofuata alirudi Sisimiut kuishi karibu na dada yake.

Nilimjibu binti yangu kwamba hapana, sikuwa nikiogopa, na kwamba jambo hilo ndilo linalonisumbua. Alinitazama kama watoto wanavyomtazama mzazi aliyelijibu swali lisilokuwa lao. Jumapili aliniomba nimfungie kamba. Niliikaza kati ya mitufaha ile ile, chini zaidi, kiasi kwamba akining'inia nywele zake ziguse nyasi, nikamwonyesha namna ya kujirusha nyuma. Alijirusha bila kusita. Aliponing'inia alifumba macho, na uso wake ukatulia kwa namna niliyoitambua. Nikagonga shina la mti kwa vifundo vya vidole, mara mbili, kisha mara tatu.

Nilihesabu mpaka tisa kabla hajaitika.