Prosesa iliyokuwa inazima nikichomoa laptop

Siku ya kwanza kupeleka mashine Moshi tulitoka Arusha saa kumi na moja alfajiri, mashine imefungiwa magodoro nyuma ya Noah ya kukodi, na kufika saa nne ilikuwa inachambua kahawa vizuri tu, punje nyeusi ndoo hii, nzuri ndoo ile, mzee mwenye karakana anachekelea. Nikachomoa laptop nikaenda zangu kunywa supu. Narudi nakuta kioo kimeganda, valvu za kupuliza punje mbovu kwa hewa zote kimya, kahawa nzuri na mbovu zinamwagika ndoo moja. Nikachomeka laptop, nikawasha upya, ikapona. Nikachomoa, baada ya kama saa moja ikafa tena. Mzee akaniangalia weee, akasema, "Mwanangu, kwa hiyo hii mashine mpaka wewe ukae hapa?"

Nilijua tatizo nikiwa nimesimama pale pale, na aibu niliyoipata siwezi kuielezea. Prosesa niliyotumia ilikuwa ya kulipia, na mimi nilikuwa bado natumia ile ya majaribio. Laptop ikiwa imechomekwa kwa JTAG, ile kebo ya kupakia na kukagua chipu, inaenda hata wiki nzima, ukichomoa inaanza kuhesabu muda, ukiisha inajizima. Programu ya kutengenezea muundo wa chipu ilinionya kila nilipokompaili, lakini ile programu huwa inatoa maonyo kama mia tatu kila mara, nani anasoma?

Ngoja nirudi nyuma kidogo kwa ambao hawako kwenye haya mambo. FPGA ni chipu ambayo ndani yake mzunguko haujajengwa, ni kama umenunua tofali na saruji, nyumba unaamua mwenyewe. Nimeichagua kwa sababu ya muda. Punje ikidondoka sentimita 30 inakuwa na kasi ya mita 2.4 hivi kwa sekunde, yaani ukichelewa milisekunde moja imeshasogea milimita mbili na nusu, ukichelewa nne umempuliza jirani yake, punje nzuri imeenda kwa wabaya. Kazi hiyo, kamera kuiona punje na valvu kuipuliza, inafanywa na mzunguko wenyewe, haisubiri programu yoyote. Ila unahitaji pia kitu cha kuonyesha menyu, kutunza mipangilio, kuhesabu kilo. Badala ya kununua chipu nyingine unajenga prosesa humo humo ndani ya FPGA kwa kutumia maelezo yaliyoandikwa kwa Verilog au VHDL, lugha za kuelezea mizunguko. Ndiyo wanaita prosesa laini. Na mimi nilikuwa nimeweka ulinzi, prosesa ikinyamaza valvu zifungwe, ndo maana kila kitu kilikufa pamoja.

Sasa tukaanza kuulizia leseni kamili. Swali la kwanza tuliloulizwa ni kwa mwaka tutauza mashine ngapi. Nikajibu kwa ukweli, sita. Sijui kama yule mtu alicheka, ila majibu ya barua pepe yalianza kuchelewa hapo.

Kwa hiyo nikakaa chini kusoma leseni, kazi ambayo ningeifanya miezi minane kabla. Cha kwanza nilichogundua ni kwamba neno "bure" lina maana nyingi sana. Kuna bure ya muuza chipu, kama MicroBlaze, prosesa laini ya Xilinx (sasa hivi ni AMD), hulipi mrabaha, inakuja na programu yao, imetulia, ina mafunzo kibao, lakini ni kwa chipu zao tu. Hata Arm, kampuni inayobuni prosesa, mwaka 2018 waliachia prosesa zao Cortex-M1 na Cortex-M3 bila malipo kwa watu wa FPGA za Xilinx, masharti ni yale yale, usitoke kwenye boma. Halafu kuna bure ya GPL, mfano LEON3, prosesa ya familia ya SPARC ambayo ukoo wake umetoka kwa watu wa anga za Ulaya, kitu kizito kweli kweli, ila ukiuza bidhaa yenye hiyo ndani unatakiwa ufungue na muundo wako uliounganisha nayo, au ukanunue leseni ya biashara. Baadhi ya prosesa za OpenRISC, familia nyingine ya wazi, ni LGPL, ndugu mpole wa GPL, na hapo ndo nilichoka, kwa sababu LGPL iliandikwa kwa ajili ya programu zinazounganishwa na maktaba, sasa ndani ya FPGA ambapo kila kitu kinasagwa kuwa faili moja, kipi ni maktaba na kipi ni chako? Nimeona watu wazima wanabishana hilo jambo na hawamalizi. Mimi biashara yangu ni ya watu watatu, sina hela ya wakili, nikaruka.

Bure ya tatu ni ile ya leseni za MIT, ISC, BSD. Chukua, badilisha, uza, sharti kubwa ni jina la mwenyewe na maneno ya leseni yabaki. Humo ndo kumejaa RISC-V, na hapa naomba niseme kitu maana vijana wengi wanachanganya. RISC-V yenyewe siyo prosesa, ni lugha ya amri, ilianzia Berkeley mwaka 2010. Ni kama Kiswahili, hakuna anayekudai hela kwa kukiongea, lakini ukitunga utenzi wako ni mali yako na unaweza ukauuza. Kwa hiyo kuna prosesa za RISC-V za bure na za kulipia, usiione tu hiyo RISC-V ukashangilia, fungua faili la leseni.

Nilijaribu tatu. SERV ya Olof Kindgren inashangaza, inafanya hesabu biti moja moja, inakaa kwenye LUT (yale matofali madogo ya FPGA) kama 200 tu, ila kwa menyu yangu ilikuwa inavuta miguu. VexRiscv ina nguvu, leseni MIT, lakini imeandikwa kwa SpinalHDL na mimi sikutaka kujifunza lugha mpya wakati mzee ananipigia simu kila jioni. Nikaishia PicoRV32 ya Claire Wolf, leseni ISC, faili moja la Verilog, kati ya LUT 750 na 2000 kutegemea umewasha nini. Siyo ya mbio, kila amri inakula wastani wa mapigo manne ya saa, lakini menyu ya kilo na rangi inataka mbio za nini?

Halafu ikaja 2021, chipu zikaadimika dunia nzima, yetu ikawa haipatikani kabisa. Tukahamia ECP5, FPGA ya kampuni nyingine, Lattice. Prosesa ilihama kwa siku mbili, nilibadilisha karibu hakuna kitu. Nisiwadanganye lakini, memori na saa za ndani zilinitesa wiki mbili, maana hivyo kila kampuni ina vyake. Ningekuwa na prosesa ya kufungwa kwenye chipu moja ningeandika upya na programu yote. Na hao wakubwa nao wanabadilika, Nios II, prosesa laini nyingine ya muuza chipu, ilikuwepo tangu 2004, mwaka 2023 Intel wakatangaza kuiachisha, mrithi wake Nios V ni RISC-V. AMD nao wana MicroBlaze V, RISC-V hiyo hiyo.

Kinachouma kwenye njia yangu ni kwamba ukikwama hakuna wa kumpigia. Nilikaa siku nne na hitilafu ya kukatizwa (interrupt, pale prosesa inapoachishwa kazi moja ishughulikie nyingine ya haraka), usiku, umeme unakwenda unarudi, na kosa lilikuwa langu. Kama una mteja mkubwa na tarehe ya kukabidhi, lipa, upate mtu wa kumsumbua, sitakucheka.

Mwezi uliopita nikarudi Moshi na mashine ya pili. Leseni inataka jina na maneno yake viende na bidhaa, kwa hiyo nilichapa karatasi nikaibandika ndani ya mlango wa boksi. Mzee akavaa miwani, akasoma.

"Huyu Claire ni nani?"

"Ndiye aliyeandika ubongo wa mashine, mzee. Yuko Austria huko."

"Umemlipa?"

"Hakutaka hela, alitaka jina lake libaki hapo."

Akaigusa ile karatasi, kona moja ilikuwa imeanza kubanduka kwa vumbi la kahawa. "Sasa mbona umeibandika hovyo hivi? Lete gundi."