Komeo la mlango wa Mama

Mlango wetu hapa Langoni, Lamu, ulikuwa haukomewi mpaka baada ya isha. Jirani akipiga hodi yuko ndani tayari, sahani ya mahamri mkononi. Siku hizi Mama haikosi taarifa ya saa moja: wizi Nairobi, mauaji, ajali. Komeo linashuka kabla ya magharibi. Juzi kijana wa punda, tunayemjua tangu yuko chuo cha Kurani, alileta mchanga, Mama akamwuliza dirishani, "Wewe nani?" Iliniuma sana. George Gerbner, mtafiti wa Marekani, alieleza tangu miaka ya 1970 kwamba mtazamaji sugu wa runinga huiona dunia ya kutisha kuliko ilivyo. Jana niliizima, nikamwomba tukae barazani. Alikaa mpaka adhana ya isha, akiamkiana na kila apitaye.