Jinsi Nilivyoumaliza Mchezo wa The Boggit

Kabla ya kuucheza The Boggit, mchezo wa kompyuta wa maandishi (unaochezwa kwa kusoma maelezo na kuandika amri) wa Fergus McNeill wa kundi la Delta 4, uliochapishwa na kampuni ya CRL mwaka 1986, nilianza kwa kuucheza ule unaoudhihaki, yaani The Hobbit wa kampuni ya Melbourne House wa mwaka 1982, kwa kuwa kejeli haimkolei asiyemjua anayekejeliwa. Yote miwili niliicheza kwa Fuse, programu inayoiga kompyuta ya ZX Spectrum.

Katika The Hobbit nilimfahamu Thorin, mmoja wa wahusika wake, ambaye mchezaji akiwa katikati ya hatari yeye huketi akaimba habari za dhahabu. Wahusika kutenda mambo kwa hiari yao, na muda kusonga hata mchezaji asipoandika neno, yalikuwa maajabu katika kompyuta yenye kumbukumbu ya kilobaiti 48. Lakini wimbo ule ulinichosha upesi, na nadhani haukumchosha msikilizaji mmoja tu.

Nilipoingia kwenye The Boggit, ilinibidi kubadili namna ya kuandika amri. The Hobbit huelewa sentensi nzima, ilhali The Boggit uliundwa kwa The Quill, programu ya Graeme Yeandle iliyotolewa na Gilsoft mwaka 1983 ili hata asiyejua lugha ya mashine aweze kutunga mchezo wake. Michezo ya The Quill hutaka kitenzi na nomino, na husoma herufi nne tu za mwanzo za kila neno, kwa hiyo EXAM ilitosha mahali pa EXAMINE, na vidole vyangu vilishukuru.

Ramani niliichora katika daftari la miraba, na kila nilipotilia shaka jambo nilihifadhi hali ya kompyuta nzima kwa Fuse kabla ya kulijaribu. Kilichonifaa kuliko vyote, hata hivyo, ni kuyasoma maelezo ya kila mahali mara mbili: mara ya kwanza nicheke, mara ya pili niokote majina ya vitu, kwa sababu katika mchezo wa mzaha ni rahisi mno kukipita kitu muhimu ukidhani kimewekwa pale kwa utani. Karibu kila nilipokwama, jibu lilikuwa limejificha ndani ya kichekesho nilichokwisha kukicheka.