Ripoti Iliyorudishwa

Alhamisi usiku

Leo nimeamka na ujumbe wa mhariri wa kampuni ninayoifanyia kibarua: ripoti yangu ya huduma za posta imekataliwa. Maneno yenyewe yalikuwa machache, kwamba majibu yangu yanapingana na maelezo yangu, kwa hiyo ripoti haitatumika na haitalipwa. Dola 14 za ujira zimekwenda, na dola 9 nilizolipia kifurushi nazo hazirudi. Nilikaa kitandani nimeshika simu, theluji inaanguka nje, kifua kimenibana kama mtu aliyeitwa mwongo mbele za watu.

Kwa asiyejua, hapa Columbus, Ohio, mbali na kazi yangu ya ghalani, nafanya kibarua cha mteja wa siri. Shirika au biashara inataka kujua huduma zake zikoje, inaagiza kampuni izipime, na kampuni inatutuma sisi watu wa kawaida tuingie kama wateja wengine, tupange foleni, tununue, tutoke, kisha tujaze fomu ndefu ya tulichokiona. Wapo wanaotumwa kwenye migahawa na vituo vya mafuta. Mimi nikiona posta kwenye orodha naichukua, ijapokuwa malipo yake ni madogo. Kampuni siitaji wala tawi silitaji. Nimetia saini ya kutunza siri na nakusudia kuitunza.

Posta naichukua kwa sababu ya Mjomba. Alikuwa karani Tanga enzi za Posta na Simu, kabla shirika halijagawanywa miaka ya 1990. Nikitoka shule nilikuwa napitia kazini kwake, nasimama pembeni ya kaunta nikitazama mikono yake. Kulikuwa na bakuli dogo lenye sponji iliyolowa. Stempu inapita juu ya sponji mara moja, inabandikwa, halafu muhuri wa tarehe, ta! ta!, bahasha inasukumwa kando. Vidole vyake vilikuwa na wino mweusi hata siku ya Idi. Siku ambayo mkaguzi alitarajiwa, Mjomba hali chakula cha mchana. Kazi yake aliijua vizuri, ila aliogopa kuandikwa vibaya na mtu aliyemwona kwa nusu saa. Leo mimi ndiye huyo mtu wa nusu saa, na kila nikivuka mlango wa posta nalikumbuka hilo.

Kazi yenyewe inaanzia jikoni kwangu. Napima kifurushi kwenye mizani ya unga, maana maelekezo hutaka uzito fulani. Kifurushi kilicholipiwa kwa stempu kikizidi aunsi 10, yaani kama gramu 283, au kikizidi unene wa nusu inchi, hakiruhusiwi kutumbukizwa kwenye sanduku la barabarani. Tangu Oktoba 2019 ni lazima ukipeleke kaunta mwenyewe, kwa sababu za usalama. Basi unafika. Unahesabu walio mbele yako, unahesabu madirisha yaliyo wazi, unaanza kuhesabu dakika. Ukutani hakuna saa. Mwaka 2007 iliripotiwa huku kwamba saa zimeondolewa kwenye kumbi za posta nchi nzima, katika mpango wa kufanya kumbi zote zifanane. Kwa hiyo dakika zangu zinatoka kwenye simu, na simu yenyewe nisionekane nikiichungulia kila mara.

Ukifika dirishani unatakiwa kukumbuka kila kitu bila kuandika. Alikusalimu? Aliuliza unataka kifike lini? Alikutajia bima? Stempu je? Na lile swali ambalo kila aliyewahi kutuma kifurushi Marekani amelisikia: ndani kuna kitu cha kuvunjika, cha majimaji, cha kuoza, au cha hatari, kama betri za lithiamu au manukato? Watu hulijibu huku wanatafuta kadi ya benki mfukoni, wala hawalifikirii. Lakini vifurushi hupanda ndege, na betri ya lithiamu iliyoharibika inaweza kushika moto yenyewe, huko juu, ndani ya mizigo. Karani akiandikwa kwamba hakuuliza swali hili, ameandikwa jambo zito.

Sasa Jumanne. Karani alikuwa mama mtu mzima aliyevaa glavu za sufi zilizokatwa vidole, maana mlango ulikuwa ukifunguka kila dakika na baridi inaingia yote. Mbele yangu watu saba, dirisha wazi ni moja. Zamu yangu ilipofika alikipokea kifurushi kwa mikono miwili, akakigeuza, akapapasa ukingo nilioufunga ovyo, akavuta selotepu yake na kuuziba upya bila kusema neno. Kisha akaelekeza kidole kwenye skrini ndogo iliyokuwa upande wangu. Nikasoma, nikabonyeza, akaendelea na mizani.

Nyumbani, saa tatu baadaye, nikaketi na kikombe cha chai na fomu. Je, karani aliuliza swali la usalama? Nikaweka alama kwenye "hapana", kwa kuwa sauti yake sikuisikia ikiuliza. Chini, kwenye sehemu ya maelezo, nikasimulia vizuri kabisa jinsi nilivyobonyeza jibu kwenye skrini. Mkono uleule umeandika mambo mawili yanayokanana, na macho yangu hayakuona.

Asubuhi hii bado hayakuona. Nilimwandikia mhariri barua ndefu. Ilikuwa na neno "dharau" mara mbili, na "jasho langu", na swali kama yeye amewahi kusimama kwenye theluji kwa dola 14. Sikuituma, kwa sababu tu ilikuwa imefika saa nne, ambayo nyumbani ni saa kumi na mbili jioni, wakati Mjomba amekaa barazani akingoja adhana ya magharibi. Nikampigia.

"Shikamoo Mjomba."

"Marahaba mwanangu. Sauti hiyo vipi?"

Nikamweleza yote, mpaka selotepu. Alisikiliza, akakohoa kidogo.

"Sasa huyo mama alikuuliza, au hakukuuliza?"

"Alinionyesha skrini, Mjomba. Swali lilikuwa kwenye skrini."

"Basi alikuuliza."

"Lakini hakutamka."

"Mwanangu, nimeanza kusahau majina ya wajukuu. Lakini kuna mkaguzi aliandika kwamba bahasha sikuigonga muhuri, na muhuri nilikuwa nimeugonga, uko nyuma. Hakuigeuza. Yule namkumbuka mpaka shati alilovaa."

Sikuwa na jibu. Tukazungumza habari za mvua na goti lake, adhana ikaanza, tukaagana.

Nimelifikiria jambo hili siku nzima huku napanga maboksi. Kama ripoti ile ingepita jinsi nilivyoiandika, "hapana" yangu ingekwenda moja kwa moja kwenye alama za mama yule. Asingejua nani ameiandika, wala ilikuwa siku gani, asingekuwa na pa kujitetea. Msimamizi wake angeipata ikiwa namba tu. Sijui kama angekemewa au angerudishwa mafunzoni, ila najua jinsi Mjomba alivyokuwa anaurudisha mkebe wake wa chakula nyumbani ukiwa umejaa. Aliyezuia lisitokee ni mhariri niliyekuwa nataka kumtukana, kwa kulinganisha mistari miwili ambayo mimi mwenyewe sikujisumbua kuilinganisha. Dola 23 zinaniuma, ndizo mafuta ya gari ya siku kadhaa. Pamoja na hayo, ripoti ile sitaki ipite.

Ile barua ndefu nimeifuta. Nimemwandikia mhariri sentensi tatu: kwamba swali liliulizwa kwa skrini, kwamba "hapana" ni kosa langu, na kwamba kama kwa namna yoyote ripoti itatumika, naomba jibu lile lirekebishwe kwanza.

Ijumaa, wakati wa chakula cha mchana

Amejibu. Haitatumika, haitalipwa, na ananishukuru kwa ufafanuzi. Sawa.

Nimefungua folda ya ripoti zangu zote zilizokataliwa tangu nianze, ni nne pamoja na hii. Moja nataka niiandike hapa kwa ajili ya Waswahili wenzangu wanaofanya kibarua hiki, kwa sababu inaweza kumpata yeyote kati yetu. Niliingia posta saa tano na dakika 52. Saa mimi nazihesabu kwa Kiswahili kichwani, mwaka wa sita huu niko Marekani na sijaacha, basi mkono ukaandika 5:52. Mhariri akaona mtu anadai kuhudumiwa alfajiri tawi limefungwa, akaikataa papo hapo. Na alikuwa na haki. Nilimtumia picha ya risiti inayoonyesha 11:52 AM, na maelezo ya sentensi moja kwamba kwetu saa ya kwanza ya mchana ni ile inayofuata kuchomoza kwa jua, nami nilikosea kugeuza. Siku tatu baadaye ililipwa. Tangu hapo saa naiandika kwa kuinakili kutoka kwenye risiti, sikiachii kichwa.

Risiti ndiyo shahidi pekee uliye naye. Ripoti nyingine niliipoteza kwa sababu niliipiga picha risiti ikiwa imekunjwa, tarehe haikuonekana, na yenyewe nilishaitupa kwenye pipa la pale mlangoni. Hapo hakuna cha kudai. Sasa zinakaa kwenye kopo la biskuti juu ya friji, kila moja na tarehe yake nyuma kwa kalamu, maana wino wa risiti hufifia.

Ya mwisho mpaka leo naamini walikosea. Fomu ilitaka jina la karani, na karani beji yake ilikuwa imefunikwa na sweta. Maelekezo yaleyale yanakataza kumuuliza mtu jina kwa namna itakayomfanya ashuku. Niliandika ukweli, kwamba jina sikuliona, nikaeleza nywele na urefu wake, nikaongeza namba ya karani iliyochapwa chini ya risiti. Wakaikataa. Nikaomba waiangalie upya, nikawaonyesha namba ile, wakaikataa tena. Kulikuwa na njia rahisi ya kuwaridhisha: kuandika jina lolote. Wapo wanaofanya hivyo, na mtu asiyehusika anabebeshwa yaliyofanywa na mwenzake. Niliiacha pesa.

Kuna na kukataliwa kwingine, kule kwa kuomba kazi usipewe. Hilo nimeacha kulitilia maanani. Mara nyingi ni kwamba tawi lile ulilitembelea karibuni na wanataka uso mpya, au mwingine ameomba mapema zaidi. Unaomba nyingine.

Lakini kuna kukubaliwa ambako ni kubaya kuliko kukataliwa kote, na hili nalisema kwa uzito wote. Jirani yangu, mama wa Kikongo kutoka Bukavu, aliletewa bahasha na posta mwezi wa kumi na moja. Ndani hundi ya dola 2,450 na barua: umechaguliwa kuwa mteja wa siri, weka hundi benki, chukua ujira wako, zinazobaki nunua kadi za zawadi na ututumie namba zake. Alinijia anafurahi. Hundi ya namna hiyo ni bandia. Benki inaweza kukupa pesa ndani ya siku moja au mbili, kabla haijagundua, na ikigundua inakudai wewe, wakati kadi zimeshatumika. Polisi wa posta wenyewe wamekuwa wakitoa onyo juu ya wizi huu. Kampuni ya kweli haikutumii hundi kabla hujafanya kazi, wala haikutozi ada ya kujiunga. Hundi ile tuliipeleka posta pamoja, yeye na mimi, nikiwa mkalimani wake. Alikuwa anaona aibu njia nzima, nami nikamwambia mama, aibu ni yao.

Jumamosi

Leo nimerudi tawi lile la Jumanne, kwa shughuli yangu mwenyewe. Kwenye boksi kulikuwa na miwani miwili ya kusomea, soksi za sufi kwa ajili ya lile goti la Mjomba, ambalo anasema linataka joto, na picha za watoto. Dirisha wazi lilikuwa lilelile, na glavu zilezile.

Safari hii swali lake nililisikia kwa sauti, betri, manukato, majimaji, nikajibu hapana. Kifurushi cha nje ya nchi kinataka fomu ya forodha, naye akawa anaingiza anwani kwenye kompyuta, herufi moja moja, akiniuliza kila neno ili asikosee. Jina. Tanga. Tanzania.

"Mtaa gani, na namba ya nyumba?"

"Hakuna mtaa. Ni S.L.P., sanduku la posta." Nikampa namba, na namba ya simu ili wampigie likifika.

Akaandika. "Kwa hiyo anakwenda mwenyewe kufungua sanduku?"

"Anakwenda na ufunguo wake. Zamani alikuwa upande wa nyuma wa masanduku hayo, akitumbukiza barua. Miaka 26."

Aliacha kuchapa. Akaniangalia mimi, akaangalia lile jina kwenye skrini, akalisoma kwa sauti polepole mpaka likatoka sawasawa. Kisha akavuta selotepu, akazungushia boksi la Mjomba mara mbili.