Mshale wa Baba Zuhura

Wiki tano nzima Corolla 110 yangu ilikuwa inanitikisa kichwa kama mtu anayekubali kila anachoambiwa. Barabara ikiwa nyeupe haina neno, inakwenda kana kwamba imeshuka melini jana. Balaa ni asubuhi nikitoka Tabata kwenda kufundisha Chang'ombe, kwenye foleni ya Mandela, kuanzia Buguruni mpaka taa za Tazara chini ya daraja la Mfugale. Pale unagusa pedali kidogo tu usogee hatua mbili: inasogea, inakata, inashtuka, inasogea tena. Dereva wa bodaboda akanichungulia dirishani, "Mzee, unajifunza klachi?" Gari yenyewe otomatiki.

Fundi wangu alisema plagi. Tukabadili. Akasema nyaya za plagi. Tukabadili. Akasema pampu ya mafuta, na hapo 90,000 ikaenda kwa pampu ya mtumba, gari ikaendelea kuitikia vilevile. Taa ya injini haikuwahi kuwaka, kwa hiyo kila mtu alikuwa anapiga ramli. Simlaumu sana, nami nilikuwa natoa hela bila kuuliza.

Siku moja foleni imesimama ndipo nikajiuliza: mbona nikikanyaga sana haikati? Pampu ikichoka inakusumbua injini inapotaka mafuta mengi. Yangu inasumbua inapotaka kidogo, tena mguu ukifika palepale.

Kwenye throto, ule mlango wa hewa ya injini unaofunguka ukikanyaga pedali, ubavuni kuna kidude cheusi kimeshikwa na skrubu mbili. Ndiyo sensa ya throto. Ndani mna kidole cha chuma kinachotambaa juu ya njia ya kaboni, sawa na kile kitufe cha sauti cha redio za zamani. Kompyuta ya injini inakipa volti 5, nacho kinarudisha kiasi: throto ikifungwa kama nusu volti, ikifunguka yote karibu 4 au zaidi.

Mita ya namba ninayo, lakini jirani yangu Baba Zuhura, fundi redio, aliikataa. "Hiyo namba zitarukaruka tu, mwalimu, hutaona kitu. Chukua hii ya mshale." Nikafungua swichi bila kuwasha injini, ncha nyeusi kwenye ethi, nyekundu nikaiunganisha na waya wa ishara kwa pini niliyoipenyeza nyuma ya soketi. Kisha nikawa naifungua throto kwa mkono, taratibu, kama unafungua mlango wa chumba alicholala mtoto. Mshale ukapanda kutoka 0.5, ukakaribia 1, puu! ukaanguka, ukarudi, ukapanda vizuri mpaka mwisho. Nikarudia mara kumi. Palepale.

Volti zikianguka kompyuta inadhani nimeachia pedali, inakata mafuta. Zikirudi inayamwaga tena. Ni kufumba na kufumbua, taa haiwahi hata kuwaka. Na pale palipolika ndipo mguu wangu unaposhinda kila siku ya kazi: gusa, achia, gusa, achia, mpaka Tazara.

Gerezani, kwenye maduka ya vipuri vya mtumba, nilikwenda na mita. Muuzaji wa kwanza hakutaka kusikia habari ya kupimiwa mali yake. "Imetoka Japani hiyo, mzee." Na yangu je, ilitoka Kigamboni? Wa pili alinimwagia tatu juu ya kaunta. Mbili mshale ulirukaruka, ya tatu ukapanda laini kama maji. 35,000.

Matundu yake ya skrubu ni marefu makusudi, unaizungusha kidogo kidogo mpaka mita isome nusu volti ndipo unakaza. Skrubu moja ya ile ya zamani ilinitoa jasho saa nzima.

Pampu niliyoitoa, nzima kabisa, iko kwenye boksi chini ya kitanda. Kila Jumamosi akifagia, Mama Neema ananiuliza chumba kitanuka petroli mpaka lini.