Waini zangu zimevuka Oktoba ya tatu Tabora

Hii ni Oktoba ya tatu sijapoteza hata chupa moja. Anayelijua joto la Tabora kabla mvua hazijaanza ataelewa furaha niliyo nayo.

Ninazo chupa hamsini na kitu. Nyingi ni nyekundu za Dodoma, za zabibu ya Makutupora, ambazo nimekuwa nikishuka nazo kwenye treni kila nikitoka huko. Zilizobaki ni za Afrika Kusini, zawadi za harusi na ubatizo. Mimi si mnywaji sana. Raha yangu ni kuikuta waini iliyokuwa inakwaruza ulimi mwaka ule, leo inateleza yenyewe.

Mwanzoni nilizisimamisha stoo, juu ya kabati, karibu na bati. Baba mkwe alipokuja kutoka Nzega nikamfungulia moja niliyoitunza miaka minne. Kizibo kilikuwa kimechomoza, shingo ya chupa inanata, rangi imekuwa kama chai ya rangi. Mzee akapiga funda moja, akaweka glasi mezani. "Mwanangu, hii imepikwa."

Alisema kweli. Kesho yake nikaweka kipimajoto palepale: alfajiri nyuzi 21, saa tisa alasiri 36. Mchana waini inatanuka na kusukuma kizibo, usiku inanywea na kuvuta hewa ndani. Hewa ikishaingia, hapo unatunza siki.

Shemeji akaniambia niziweke kwenye friji la jikoni, basi. Ushauri huu nausikia kila mahali na unaniudhi. Friji ni la waini ya kunywa wiki hii. Lina nyuzi 4 hivi, hewa yake kavu inakausha vizibo, na watoto wanalifungua kutwa nzima. Waini ya kukaa miaka inataka nyuzi 12 hadi 14, giza na utulivu. Na ukikosa hizo nyuzi, bora ikae kwenye 20 isiyoyumba kuliko kupanda na kushuka kila siku.

Wazo la mitungi ya udongo lilitoka kwa mama. Nikanunua mitungi minne mikubwa na minne midogo, mdogo ndani ya mkubwa, katikati mchanga, juu gunia lililolowa. Nikaipanga barazani, upande wa mwembe, upepo unapopita. Asubuhi na jioni naimwagilia kama miche ya tumbaku. Siku ya tatu, mwezi wa nane, nje nyuzi 31, ndani ya mtungi 21! Nilikuwa naamka usiku na tochi kusoma kipimajoto, na majirani wakaanza kuniomba niwawekee maziwa. Miezi mitatu niliamini nimemaliza kazi. Novemba mvua zikaanza. Hewa ikishiba unyevu, maji ya kwenye mchanga hayakauki, na mtungi unapoa kwa sababu maji yanakauka. Nikakuta nyuzi 26 na lebo zimeota ukungu. Mwenye chupa chache za kunywa ndani ya kiangazi bado ninamshauri mitungi. Kwa mwaka mzima haitoshi.

Kilichoniokoa ni friza la kulala, kuukuu, nililonunua kwa mfanyabiashara wa soda kwa laki mbili na ushee. Mota ilikuwa nzima, mpira wa mfuniko tu nikabadilisha. Kisha nikaagiza kidhibiti joto kutoka Dar, elfu arobaini au hamsini hivi. Friza linachomekwa kwenye kidhibiti, na waya wake wa kupimia unaingia ndani. Nimekiamuru kiwashe joto likifika 14, kizime likifika 12. Fundi alikataa kabisa: "Kaka, friza ni la kugandisha, hili utaliua." Halijafa. Mota inafanya kazi dakika chache tu kwa saa, kwa kuwa haikimbizani na barafu.

Sasa siri niliyoigundua mwenyewe baada ya mwezi wa kuhangaika: usiuache ule waya ukining'inia hewani. Ukifunua mfuniko tu, hewa ya moto inaingia na mota inawaka bure. Uzamishe kwenye chupa ya maji iliyo katikati ya waini. Hapo kidhibiti kinapima joto la chupa zenyewe, ambalo halina papara. Chupa nyingi zikishapoa zinalindana: umeme ulikatika siku moja kutwa nzima, nikakuta zimepanda nyuzi mbili tu. Kidhibiti pia nimekipa dakika tano kabla ya kuwasha mota umeme unaporudi, na hizo usizipuuze.

Zenye kizibo cha mti zimelala ili kizibo kisikauke. Za kifuniko cha kuzungusha zimesimama, hazina shida. Maji yanajikusanya chini, kwa hiyo nimetengeneza kichanja cha mbao na kila Jumamosi napitisha taulo. Lebo nimezizungushia nailoni.

Mwezi uliopita baba mkwe alirudi. Nilimfungulia Makutupora ya miaka mitatu, akaomba glasi ya pili, na akaondoka na chupa mbili. Hana friza, ila nyumba yake ya zamani ni tembe la udongo, ukuta mnene kama mkono. Nimemwambia azilaze sakafuni, chumba cha ndani kisicho na dirisha.